Tusiwafiche vijana ukweli kuhusu mbegu za kiume

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Nimeikumbuka methali hiyo kwa sababu ya mwalimu mwenzangu aliyemlaumu mkewe kwa miaka mitatu kwa kutopata mtoto. Mzee mmoja alikuwa amemshauri asimkaribie mkewe kwa majuma matatu mfululizo, ati mbegu zikomae na kupata nguvu. Naye, licha ya shahada yake, akatii.

Ushauri huo una chembe ya ukweli, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Mwanamume akijizuia kwa siku kadhaa, manii huwa mengi na idadi ya mbegu hupanda. Lakini wingi si ubora. Mbegu huundwa katika korodani kwa muda wa siku 70 hivi, kisha huhifadhiwa katika mrija mwembamba uliojikunja nyuma yake. Zikikawia mno humo huchakaa: mwendo wake hufifia na chembe zake za urithi hudhurika. Ghala lililojaa mahindi yaliyobunguliwa lina faida gani kwa mkulima?

Mwaka wa 2009, Daktari David Greening wa Sydney, Australia, alieleza jinsi wanaume 118 wenye mbegu zilizodhurika walivyotakiwa kutoa manii kila siku kwa siku 7. Wanaume 96 walipata nafuu, na wastani wa madhara katika kundi zima ukashuka kutoka asilimia 34 hadi 26. Hata hivyo, idadi ya mbegu ilipungua, na wanaume 22 walizidiwa. Kwa hivyo sisemi kwamba hiyo ni dawa ya kila mtu. Ninalosema ni kwamba kujinyima kwa majuma si dawa kamwe. Wanaotafuta mtoto hushauriwa kukutana kila siku au kila baada ya siku moja wakati yai linapokaribia kupevuka. Hata kwa upimaji wa manii, Shirika la Afya Duniani hutaka mwanamume ajizuie kwa siku 2 hadi 7 tu.

Mwenzangu alipokubali hatimaye kuandamana na mkewe hospitalini, mke alipatikana mzima. Kasoro ilikuwa kwa mume. Wakati huo mama wa watu alikuwa amekwisha kunyweshwa mitishamba ya kila mganga na kuitwa tasa na mawifi zake.

Lawama hii naielekeza kwetu sisi walimu. Mwanafunzi anapouliza swali kama hili katika somo la Biolojia, tunamwambia aketi na kuacha utovu wa adabu. Naye huenda kuuliza vijiweni, na majibu ya huko huyabeba hadi katika ndoa yake. Tuwajibu vijana wetu waziwazi na kwa heshima. Aibu ya dakika tano darasani ni nafuu kuliko machozi ya mke asiye na hatia.