Hewa ya Shamba Nani Ataipima?



Wengi wetu tumezoea kuamini kwamba hewa chafu ni tatizo la miji mikubwa, la magari na viwanda, na kwamba shamba ndiko mahali pa kupumua. Tena waliosoma habari za ozoni walifundishwa kuwa gesi hiyo, ikiwa karibu na ardhi, huongezeka wakati wa joto kali. Yaliyotokea katika mabonde mawili ya magharibi mwa Marekani yanatulazimu kuyafikiri upya yote mawili.

Bonde la kwanza ni lile la mto Green, upande wake wa juu, katika jimbo la Wyoming. Ni nchi ya malisho ya ng'ombe. Wilaya ya Sublette, iliyo kiini cha bonde hilo, haikufikisha watu 9,000 katika sensa ya mwaka 2020. Ndani yake vimechimbwa maelfu ya visima vya gesi. Mwaka 2005, vituo vya kupimia hewa vilipowekwa karibu na visima hivyo, vilionyesha jambo ambalo halikutazamiwa: mwezi Februari, theluji ikiwa imetanda, ozoni ilipanda kupita kiwango kilichowekwa kulinda afya. Machi 2011, katika kijiji cha Boulder cha wilaya hiyo hiyo, wastani wa saa nane ulifika sehemu 124 katika kila sehemu bilioni moja za hewa, na kiwango cha juu kilichoruhusiwa wakati huo kilikuwa 75. Katika bonde la pili, la Uinta, mashariki mwa jimbo la Utah, walipima 142 mwaka 2013. Hizo ni hesabu za siku mbaya za Los Angeles, lakini huko hakuna jiji.

Yafaa tueleze jambo hili linavyotokea, kwa maana asiyelielewa atadanganywa kwa urahisi. Ozoni haitoki kisimani. Hutengenezwa na mwanga wa jua pale mivuke ya mafuta na gesi inapokutana na oksidi za naitrojeni zitokazo katika moshi wa injini. Mivuke huvuja kwenye matangi, vali na mitambo ya kukaushia gesi. Moshi hutoka kwenye mashine za kuchimba, za kusukuma gesi, na malori. Siku za kawaida upepo huvitawanya. Lakini mabonde hayo yamezungukwa na milima, na katika majira ya baridi hewa nzito ya baridi hulala chini huku hewa yenye joto kidogo ikitanda juu yake, mfano wa chungu kilichofunikwa. Hali hiyo yaweza kudumu siku kadhaa, na kila kinachotolewa chini hubaki chini.

Hapo ndipo theluji inapoingia. Weupe wake huurudisha mwanga juu, hata jua dhaifu la Februari likafanya kazi maradufu. Tena huizuia ardhi isipate joto, na kile kifuniko kikazidi kukaa. Majira ya baridi ya mwaka 2012 theluji ilikuwa haba katika bonde la Uinta, na ozoni haikupanda. Mwaka uliofuata theluji ilikuwa nyingi, nayo ozoni ikapanda sana, ingawa visima vilikuwa vikifanya kazi miaka yote miwili. Utafiti uliotolewa mwaka 2014 uliongeza kwamba mivuke ya mafuta yenyewe, ikigeuka kuwa fomaldehaidi na kemikali za jamii yake, ndiyo inayouwasha moto huo wa kikemia katika hewa ya baridi. Basi siku tulivu, yenye jua na theluji safi, ambayo mgeni angeiita siku njema, ndiyo siku ya kuogopa.

Ozoni hukereketa njia ya pumzi, hubana kifua, na huwazidishia mateso wenye pumu. Uchunguzi wa idara ya afya ya Wyoming, uliotolewa mwaka 2013, uliona kwamba ozoni ilipopanda katika wilaya ya Sublette, wagonjwa wa njia ya pumzi waliongezeka katika zahanati. Matangazo huwashauri watoto, wazee na wagonjwa wakae ndani. Ni ushauri mzuri kwa mwenye kukaa ndani. Anayewapelekea ng'ombe majani makavu, au anayelinda mtambo kisimani, atakaa ndani vipi?

Swali la haki liko wapi? Kwanza, katika namna ya kuhesabu. Bonde la Uinta lina visima vinavyozidi 10,000, na ukikitazama kimoja kimoja, karibu kila kimoja ni chanzo kidogo kisichostahili kelele. Hesabu ya namna hiyo humfaa mwombaji wa kibali. Anayepumua huipokea jumla yao yote.

Pili, katika mipaka. Sehemu kubwa ya visima vya Uinta imo katika eneo la hifadhi ya kabila la Ute, ambako uchafuzi wa hewa husimamiwa na serikali kuu pamoja na kabila, wala si jimbo. Ilichukua hadi Desemba 2022 kwa serikali kuu kutoa kanuni za kuvibana vyanzo vya mafuta na gesi katika eneo hilo, ili masharti yake yalingane na yale yaliyokwisha kuwekwa upande wa jimbo. Hewa ya bonde ni moja. Hatutaki kuwasemea Waute, ambao wenyewe hupata mapato makubwa kutokana na mafuta; tunasema tu kwamba pafu la mtoto wa huko lilisubiri sheria kwa muda mrefu kuliko ilivyopasa.

Tunajua pia kwamba visima hivyo vimejenga shule na kulisha familia, na anayelalamika huulizwa kama anataka watu wakose kazi. Swali hilo tunalikataa. Huko Wyoming palianzishwa matangazo ya mapema, wenye visima wakatakiwa kupunguza shughuli siku za hatari, na gesi iliendelea kuchimbwa.

Kwetu hakuna theluji, na ozoni ya namna ile ya majira ya baridi hatuitarajii. Hata hivyo uchimbaji ulianza kandokando ya Ziwa Albert, nchini Uganda, mwaka 2023, na bomba la kilomita 1,443 limepangiwa kuishia Chongoleani, Tanga. Matangi na injini hutoa mivuke ile ile popote viwekwapo, na asiyejua hewa yake ilikuwaje kabla ya kisima hataweza kuthibitisha kwamba imebadilika. Viongozi wa walei walioko katika maeneo hayo, wanapoitwa kwenye mikutano ya wananchi kuhusu mazingira, waulize kabla soda hazijagawiwa: kituo cha kupimia hewa kitawekwa kijiji gani, kitaanza lini, na takwimu zake zitabandikwa wapi ili kila mtu azisome?