Tunalia Gisozi, Ulyankulu Tunaipita

Wadau, hili linanikera. Kijana wa Dar anapanda basi mpaka Kigali, anaingia kwenye kumbukumbu ya Gisozi, anatoka machozi yakimlengalenga. Safi. Lakini Ulyankulu, hapa hapa Tabora, wanaishi walionusurika mauaji ya Wahutu wa Burundi ya 1972, ambayo Tume ya Ukweli na Maridhiano ya nchi hiyo iliyatangaza kuwa ya kimbari mwaka 2021. Walipewa pori, wakaligeuza mashamba ya mahindi na tumbaku. Mwaka 2014 Tanzania ilitoa uraia kwa wakimbizi wa 1972 wapatao 162,000, lakini bado nasikia wakiitwa "wakimbizi". Huruma gani hiyo inayohitaji pasipoti? Wazee wale wanaondoka mmoja mmoja. Twendeni tukawasikilize wangali hai. Mnasemaje?