Mashua Ivujayo Haitibiwi kwa Tanga Jipya

 

Juma hili naleta swali la mama mmoja wa hapa Kiunga. Mwanawe, aliyemaliza kidato cha nne, ana kompyuta ya mezani aliyopewa na mjomba wake. Mchana huwaandikia watu barua na kuwapangia kadi za harusi. Usiku, baada ya isha, huchezea michezo ya mpira na ya mbio za magari. Siku hizi mashine imekuwa nzito. Huchukua dakika nyingi kuwaka, na mchezo hukwama kila baada ya hatua chache. Kijana amemwomba mamake shilingi 20,000 anunue kadi ya grafiki, kile kipande kinachochora picha za mchezo. Fedha mama anazo, kazichanga kwa kuuza mahamri na viazi karai, ila alizikusudia kwa paa la jiko. Anauliza: je, kumpa ni israfu? Na ikiwa si israfu, atajuaje kwamba fedha hazitapotea?

Nianze na la kwanza. Kutoa mali kwa jambo la halali lenye manufaa si israfu, ilimradi haki za lazima zimetangulizwa. Mchezo usio na kamari wala uchi, usiomkosesha mtu swala wala kazi yake, asili yake ni ruhusa. Kijana ajihadhari tu na ile michezo inayouza visanduku vya bahati, ambavyo mtu hulipa kabla ya kujua atapata nini ndani, maana hapo pana harufu ya kamari. Israfu katika swali hili haimo katika mchezo. Imo katika kununua kipande ambacho mashine haikukihitaji.

Sisi ni watu wa bahari, na jambo hili twalijua. Mashua ikianza kuzama, fundi hakimbilii kununua tanga. Huipandisha pwani, akautazama ubao mmoja mmoja, akatafuta maji yanapoingilia, ndipo akatia kalafati mahali pale pale. Tanga jipya juu ya mashua ivujayo ni fedha zilizotupwa majini. Kompyuta nayo ina mbao zake: prosesa inayofikiri, kumbukumbu ya kazi ambayo vijana huiita RAM, diski inayohifadhi, kadi inayochora na pawasaplai inayogawa umeme. Uzito wa mashine hutokana na kipande kimoja au viwili vinavyovirudisha nyuma vingine vyote.

Kwa hiyo nilimtaka kijana aanze na mambo mawili yasiyomgharimu chochote. La kwanza ni kuifungua mashine, hali imechomolewa umeme, na kuipangusa vumbi kwa brashi laini. Hewa yetu ina chumvi na mchanga, na feni iliyozibwa huifanya prosesa ipate joto. Ikipata joto hupunguza mwendo wenyewe ili isiungue. La pili ni kupima. Katika Windows, ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, hutokea ukurasa unaoonyesha kila kipande kinafanya kazi kwa asilimia ngapi. Mchezo ukiwa unaendelea, kile kinachogota asilimia 100 ndicho kinachovuja.

Kijana alipima, akaniletea karatasi. Mashine yake ni Dell OptiPlex 7040 ya umbo dogo, miongoni mwa zile zilizotumika maofisini ng'ambo zikaletwa kuuzwa upya. Prosesa ni Core i5 ya kizazi cha 6, nayo ilikuwa haijafika hata nusu ya nguvu zake. Kumbukumbu ni GB 4 katika kijiti kimoja, imejaa pomoni. Diski ni ya zamani, ya sahani izungukayo, nayo imesimama kwenye asilimia 100 tangu mashine inapowaka. Basi uvujaji umeonekana, nao hauko pale alipodhania.

Dawa ya kwanza ni SSD, yaani diski isiyo na sahani. Diski ya kuzunguka husoma kiasi cha MB 100 hadi 150 kwa sekunde. SSD ya kawaida ya waya wa SATA hufika MB 500, na katika kuokota faili ndogondogo tofauti ni kubwa zaidi. Ya GB 240 au 256 yatosha kwa programu na michezo michache. Diski ya zamani ibaki kuhifadhi picha. Mashine itawaka kwa muda mfupi, na kazi yake ya kadi za harusi itafaidika vilevile.

Dawa ya pili ni kumbukumbu, ifike GB 16 ikiwezekana, na isipungue 8. Inunuliwe kwa vijiti viwili vilivyo sawa. Mashine hii haina kadi ya grafiki. Picha huchorwa na prosesa yenyewe kwa kuazima kumbukumbu, na vijiti viwili hufanya kazi sambamba, njia ikapanuka. Kwa hiyo jozi ya vijiti huuharakisha hata mchezo wenyewe. Achunge aina: mashine hii hutumia DDR4, na DDR3 haiingii katika tundu lake, tena viwe vijiti vya kompyuta ya mezani, kwani vya laptopu ni vifupi. Tangu mwishoni mwa 2025 bei za kumbukumbu zimepanda duniani kote, kwa kuwa viwanda vinaelekeza mali yao kwenye mashine kubwa za akili mnemba. Hivyo vijiti vilivyotumika, vikiwa vizima, ni chaguo la busara. Kipande hiki huchakaa kwa nadra.

Ama kadi ya grafiki, naiweka mwisho, kwa sababu tatu. Kwanza, sanduku ni dogo na pawasaplai imeandikwa wati 180 tu. Kadi kubwa haitaingia, na ikiingia haitapata umeme wa kuishibisha. Inayofaa ni ile fupi isiyohitaji waya wake wa umeme, inayotosheka na wati 75 ambazo tundu la ubao mama hutoa, au chini ya hapo. GT 1030 hula kiasi cha wati 30, lakini jina hilo linabeba kadi za aina mbili: yenye kumbukumbu ya GDDR5 na yenye DDR4, na hii ya pili ni dhaifu sana. Asome maandishi madogo kabla ya kulipa.

Pili, ni umeme wa nyumbani. Kwa nyumba inayotegemea jua, betri ya volti 12 yenye Ah 100 hubeba wati-saa 1,200, na ikiwa ni ya risasi haifai kushushwa chini ya nusu. Zimebaki 600. Kompyuta na skrini yake zikila wati 80 kwa saa tatu, ni 240. Kadi ya wati 75 ikiongezwa, ni 225 zaidi. Jumla ni 465, kabla ya kuhesabu zinazopotea kwenye inveta. Taa za mama na chaji za simu zitapata nini? Gharama ya kadi haiishii dukani.

Tatu, umri. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa ya kizazi cha 6 haimo katika orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11. Mashine hii yaweza kuendelea kwa Linux Mint, ambayo ni bure na ni halali, ingawa baadhi ya michezo ya mtandaoni haichezeki humo. Lakini haifai kuzamishiwa mali nyingi. SSD aweza kuihamishia kwenye mashine nyingine kesho. Kadi dhaifu itamfaa kidogo. Wala asijaze mashine programu za wizi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, liliamua kwamba haki za utunzi na za uvumbuzi zinalindwa kisheria na haijuzu kuzivamia.

Nimalizie na adabu za kununua, hasa vilivyotumika. Kipande kikinunuliwa Mombasa, au Luthuli Avenue kule Nairobi, hupanda basi hadi Mokowe, kikavuka hadi Amu, kisha kikasubiri chombo cha kuja huku. Na wakati wa kusi chombo chaweza kusubiri sana. Kurudisha kibovu ni safari ya pili. Kwa hiyo aombe kionyeshwe kikifanya kazi, hata kwa video, na siku za kurudisha ziandikwe kwenye risiti. Hadithi ya Mtume (s.a.w.) sokoni yajulikana: alitia mkono katika rundo la chakula, akakuta umajimaji chini ya kilichokauka, akamkemea muuzaji aliyeuficha. Kadi iliyokesha miezi ikichimba sarafu za mtandaoni ni rundo la namna hiyo, nazo ziliingia sokoni kwa wingi baada ya Ethereum kuacha uchimbaji Septemba 2022. Muuzaji ni wajibu aseme, na mnunuzi ana khiari ya kurudisha akigundua aibu iliyofichwa. Na fedha zikipungua, asikope kwenye programu za simu zinazotoza riba. Mwenye duka akikubali kulipwa kidogo kidogo kwa bei moja isiyoongezeka, hapo hapana ubaya.

Basi jawabu langu, dada yangu, ni hili. Usimpe kijana zote 20,000, wala usimnyime. Mpe za SSD na za jozi ya kumbukumbu, na zinazobaki zirudi kwenye paa la jiko. Kadi aichume mwenyewe kutokana na kazi ya kadi za harusi, akiona bado anaihitaji. Mkae pamoja muandike hesabu kwenye karatasi, yeye akueleze kila kipande na kazi yake. Akishindwa kukueleza, hajawa tayari kununua.

Mwenyezi Mungu azibariki chumo za mama zetu na awajaalie wana wetu kuwa waangalifu wa mali na wa wakati. Wabillahi tawfiq, wallahu a'alam.