Laptopu Bila Windows: Uliza, Ni Haki Yako

Vijana, wangapi kati yetu tumenunua laptopu bila kuuliza kilicho ndani?

Ingia duka la kompyuta Nairobi ama Mombasa. Mashine zimejaa, mpya na za mitumba. Sasa uliza: "Mko na yenye Linux?" Utaangaliwa kama mtu aliyeitisha chapati kwa duka la viatu.

Linux ni mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoendesha mashine, kama Windows. Tofauti ni kwamba ni huria: unaipata bure, na yeyote anaruhusiwa kuisoma, kuirekebisha na kumpa mwenzake. Linus Torvalds aliianzisha 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Na si kitu cha wataalamu pekee. Simu za Android zimejengwa juu ya kiini cha Linux. Kwa hivyo huenda unayo mfukoni, ila dukani huioni.

Mbona? Miaka ya tisini, Microsoft ilikuwa na mikataba iliyowatoza watengenezaji kwa kila kompyuta waliyouza, hata kama haina programu yake. Nani angeweka ya mshindani alipe mara mbili? Serikali ya Marekani iliingilia kati 1994 na mikataba hiyo ikakomeshwa, lakini mazoea yalishaota mizizi. Dell ilianza kuuza laptopu za Ubuntu, aina moja ya Linux, mwaka 2007. Hadi leo mashine kama hizo ni za kuagiza mtandaoni zaidi, si za kuokota dukani.

Hapa kwetu kuna jambo linaniudhi zaidi. Ziko laptopu mpya zinazoandikwa "DOS". Maana yake zimekuja bila Windows, ndiyo maana bei iko chini. Badala ya kukueleza hivyo, muuzaji anachomeka flashi, anakuwekea Windows ya wizi, unaenda nyumbani ukifurahi. Nakala kama hiyo inaweza kuja na virusi, na humo ndimo unaingiza nywila zako za benki na eCitizen. Muuzaji yule yule, kwa flashi ile ile, angeweza kukuwekea Linux halali bila senti moja zaidi.

Halafu Oktoba 14, 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10. Laptopu nyingi za mitumba hazikubaliki kwa Windows 11. Mwanafunzi atupe mashine nzima? Linux inaweza kuiongezea miaka.

Tuseme ukweli, haimfai kila mtu. Photoshop haijatengenezewa Linux, na faili ya Word ukiifungua kwa LibreOffice mpangilio unaweza kuvurugika kidogo. Kama kazi yako inategemea hizo, nunua Windows halali. Lakini uchague mwenyewe, usichaguliwe.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi bidhaa. Kwa hivyo kabla ya kutoa pesa, uliza:

1. Hii mashine iko na mfumo gani, na leseni iko wapi?
2. Bila Windows ni pesa ngapi?
3. Utaniwekea Ubuntu ama Linux Mint, tujaribu Wi-Fi, sauti na kamera hapa hapa?

Mfanyabiashara huleta kile wateja wanaulizia. Mmoja akiuliza atachekwa. Tukiuliza wengi, wiki baada ya wiki, ataileta.