Kipupwe, Sufu na Jiko la Mkaa



Kipupwe kimeingia. Upepo wa kusi unavuma, na hapa kwetu Kibaha asubuhi watoto hawataki kutoka chini ya shuka. Ndugu zetu wa Njombe na Makete wakisikia kwamba nasi watu wa Pwani tunalalamika baridi watatucheka, maana kwao kule uwanda wa Kitulo umande huganda juu ya majani. Lakini kila mtu huhisi baridi kwa ngozi yake. Mtu aliyezoea jasho la Februari, zikishuka nyuzi joto mpaka karibu na 18 alfajiri, yeye huona ni majira ya barafu.

Sisi katika nyumba yetu tunayapenda sana majira haya. Mbu hupungua, usingizi huwa mtamu, na la muhimu zaidi, watu hukaa pamoja. Wakati wa joto kila mmoja hutafuta upepo wake: baba barazani, vijana chini ya mwembe, mama jikoni peke yake. Kikija kipupwe wote husogea sehemu moja. Shule nazo hufungwa mwezi wa Juni, na hapo ndipo familia nyingi hupata nafasi ya kutembeleana.

Kwetu kituo cha kwanza cha likizo ni Kisarawe, kwa mama mkwe. Nyumba yake iko juu kwenye vilima, upande wa msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, na asubuhi za Julai ukungu hukaa juu ya migomba kama moshi. Watoto wetu hupasua dumu kuukuu la plastiki, hulikalia, na kuteleza nalo kwenye mteremko wa nyasi mpaka chini, huku mbwa wa nyumbani wakiwakimbiza na kubweka. Bibi yao hukaa kwenye mkeka na sindano zake mbili za kufumia, akifuma sweta au kofia, na jicho moja liko kwa wajukuu. Yeye hana haja ya kuitazama kazi yake. Vidole vinajua njia.

Baba watoto huwaambia watoto kwamba huko kuteleza kwao, ughaibuni ni mchezo mkubwa wenye medali. Huwasimulia habari za Philip Boit wa Kenya, mkimbiaji aliyepelekwa Ufini kujifunza skii, yaani kuteleza juu ya theluji kwa mbao nyembamba zilizofungwa miguuni. Mwaka 1998 alishiriki Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi kule Nagano, Japani, katika mbio za kilomita 10. Alimaliza wa 92, naye alikuwa wa mwisho. Lakini mshindi wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norwe, hakwenda kuvishwa medali yake kwanza. Alimngoja Boit mpaka akafika, akamkumbatia. Boit aliporudi nyumbani na kupata mtoto wa kiume, alimpa jina la Dæhlie. Na mwaka 2018 Sabrina Simader, binti aliyezaliwa Kilifi na kulelewa Austria, alishindana katika skii kwa niaba ya Kenya kule Pyeongchang, Korea Kusini. Kwa hiyo mtoto wa Pwani naye anaweza kuizoea theluji.

Hata Kibaha yetu ina undugu wa zamani na nchi za theluji. Shirika la Elimu Kibaha, pamoja na huduma za afya zilizokua na kuwa hospitali ya Tumbi, lilianzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Ulaya Kaskazini, kama Uswidi, Norwe, Denmark na Ufini, na mwaka 1970 likakabidhiwa kwa serikali yetu. Huko kwao mtu asiyejua kujikinga na baridi haishi. Wanajua kuifurahia, na wanajua kuiheshimu. Sisi tulijua kuifurahia tu, na somo la kuiheshimu tulilipata kwa machozi. Hilo ndilo tunalotaka kuwasimulieni mwezi huu, ingawa kulisema ni aibu.

Ilikuwa Julai 2019. Tulifunga safari ya kwenda Lushoto kumtembelea wifi yetu aliyeolewa huko. Tulipita Chalinze, Segera na Korogwe, na tulipofika Mombo tukaiacha barabara kuu na kuanza kupanda milima ya Usambara. Njia inazunguka kona baada ya kona, ukitazama chini unaona mashamba kama vitambaa vilivyotandazwa, na kila mnapopanda hewa inazidi kuwa baridi. Tulipoyapita maporomoko ya Soni watoto walikuwa wameshavaa nguo zote walizokuja nazo. Nguo zenyewe zilikuwa za Pwani, nyepesi. Sisi tulioishi mjini miaka mingi hatukukumbuka hata kumwomba mama mkwe masweta.

Wifi alitupokea kwa furaha kubwa. Mbwa wao, Simba, aliwarukia watoto na kuwalamba mikono, na kabla ya jua kuzama walikuwa marafiki. Jioni tulikaa jikoni tukala ugali na mboga, tukaimba, tukasali, na usiku tukapelekwa chumba cha wageni, chumba cha uani ambacho mlango wake unafungukia nje. Tulikuwa watano: baba, mama, na watoto watatu, mdogo akiwa na miaka sita.

Wifi akaja na jiko la mkaa mkononi. "Wifi," akasema, "watoto wenu hawa wa Pwani wataganda. Chukueni jiko, mkaa umeshakolea, hauna moshi."

Wapenzi akina mama, sisi ni wauguzi. Miaka na miaka tumesimama mbele ya akina mama kliniki na kuwaambia wasilale na jiko ndani. Tulijua. Lakini tulikuwa tunatetemeka, tulikuwa wageni, na tuliona haya kumkatalia mwenyeji wetu ukarimu wake. Tukajiambia, "Liwake kidogo tu, watoto wakishalala tutalitoa." Kisha tukaziba dirisha kwa blanketi, tukaziba na upenyo wa chini ya mlango kwa khanga, ili joto lisitoke. Usingizi ukatuchukua sote, na jiko likabaki pale.

Usiku wa manane Simba alianza kukwaruza mlango na kulia. Baba watoto anasema alisikia kwa mbali, kama mtu anayeota, akakasirika kwa kuamshwa. Aliposimama ili amfukuze, miguu haikumbeba, akaanguka magotini. Alitambaa mpaka mlangoni, akaufungua. Hewa baridi ikaingia, na ndipo akapiga kelele.

Sisi tuliamka na kichwa kinagonga kama nyundo, na kichefuchefu. Tuliwaburuta watoto mpaka barazani. Mkubwa alilia, wa kati alitapika, na yule mdogo hakuitika. Tulimwita jina lake, tukampangusa uso, tukamwita tena. Alikuwa akipumua, lakini alikuwa mlegevu kama nguo iliyoloa. Katika maisha yetu ya kazi tumewashika watoto wengi wagonjwa, lakini usiku ule mikono yetu ya uuguzi ilisahau kila kitu. Wifi na mumewe walipata gari la jirani, tukakimbizwa hospitali, na mtoto akawekewa oksijeni. Kulipopambazuka alifumbua macho na kuuliza, "Simba yuko wapi?"

Tunamshukuru Mungu, sote tulirudi Kibaha salama. Simba hakujua lolote kuhusu gesi. Naye aliona baridi, alitaka kuingia ndani kwenye joto. Lakini bila yeye, safu hii isingeandikwa.

Sasa tueleze jambo lenyewe, ili asiwepo atakayesema hakuambiwa. Mkaa unapowaka mahali penye hewa kidogo hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, wala haikeri macho. Kwa hiyo wasemao kwamba mkaa ukishakolea na kuisha moshi si hatari, wanakosea. Moshi umekwisha, lakini gesi ipo. Mtu akiivuta huingia katika damu na kuikamata ile sehemu inayobeba oksijeni, tena huikamata kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Mwili hukosa hewa ingawa mtu anapumua. Kwanza kichwa huuma, kisha huja kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Aliyelala hapiti katika dalili hizo. Huendelea kulala tu mpaka mwisho. Watoto huathirika upesi, na mama mjamzito huweza kumpoteza mtoto aliye tumboni hata kama yeye mwenyewe atapona.

Mkiamka nyumba nzima mnaumwa kichwa kwa pamoja, na mkitoka nje mnapata nafuu, msiseme ni malaria. Fikirieni jiko. Ukimkuta mtu amezidiwa, fungua mlango na madirisha, mtoe nje haraka, kisha mpeleke hospitali hata kama ameamka na kusema hajambo. Usimpe maziwa kwa kudhani yataondoa sumu. Anachohitaji ni hewa safi na oksijeni. Na unapoingia kumwokoa, usikae humo ndani, usije ukaanguka nawe.

Pengine utauliza, basi tujikinge vipi na baridi? Tuliporudi, tulimweleza mama mkwe yote. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, joto la usiku ni la kuvaa, si la kuwasha." Akatuwekea sindano mikononi. Tangu siku ile tunafuma, na wanawake wenzetu wa kanisani, wa Kibaha na wa Kisarawe, wamejiunga nasi. Tunakutana mara moja kwa juma, tunafuma na kuzungumza, na mambo mengi ambayo mama hawezi kuyasema akiwa amekaa bure huyasema akiwa na uzi mkononi. Yule mwanamke wa Mithali 31 hakuwaogopea watu wake theluji kwa sababu alikuwa amewaandalia mavazi. Haikuandikwa kwamba aliwawashia mkaa chumbani.

Asiyejua kufuma aanze na skafu. Anzisha vitanzi 30 kwenye sindano, fuma mshono mmoja ule ule kwenda na kurudi, mpaka ifike urefu wa kama mita moja, kisha funga. Ukishaizoea, fuma kofia ya mtoto mchanga, maana mtoto mchanga hupoteza joto jingi kupitia kichwani. Na yeye, joto linalomfaa kuliko yote ni kifua cha mama yake, ngozi kwa ngozi, na khanga juu. Lakini mtoto mdogo asilale na skafu shingoni, wala asifunikwe uso. Blanketi zianikwe juani mchana, uji wa moto unywewe kabla ya kulala, watoto walale pamoja, na dirisha liachwe na upenyo. Jiko libaki nje, na kama limepikiwa ndani, litolewe kabla ya mtu yeyote kupanda kitandani, si baadaye. "Baadaye" ndiyo iliyotaka kutuua.

Mwaka uliofuata wifi alituletea mtoto wa Simba. Naye tunamtunza kwa adabu: tangu alipotimiza miezi mitatu amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, na kila mwaka tunarudia. Mama, mbwa ni rafiki wa mtoto, lakini mbwa asiyechanjwa ni hatari kwa mtoto huyo huyo. Mtoto akiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo akachanjwe. Usingoje uone mbwa atafanya nini. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishatokea hakina tiba.

Mwaka huu tena tutapanda Lushoto, Mungu akipenda. Sanduku la masweta limeshajaa, na la wifi limo. Tulipomwandikia habari za jiko alilia sana, akidhani tunamlaumu. Hatumlaumu. Yeye alitoa alichokuwa nacho kwa upendo. Sisi ndio tuliojua na kunyamaza. Tangu hapo tumejifunza kusema "hapana, asante" mbele ya jiko la mtu yeyote, hata awe mkwe, hata awe mchungaji. Haya ya usiku mmoja si kitu mbele ya jeneza la mtoto.

Basi, akina mama, furahieni kipupwe. Wakusanyeni watu wenu, simulizianeni hadithi, watoto wateleze mpaka wachoke, sindano ziende. Na kabla ya kuzima taa usiku wa leo, mama, nenda ukaangalie jiko liko wapi.

Mpaka mwezi ujao, kaeni salama.