Maswali ya upasuaji yako Tuwan, nafasi za kuyajibu ziko ng'ambo

Kila mwaka vyuo vikuu kadhaa vya Marekani, Uingereza na Kanada hutangaza nafasi za ufadhili kwa watafiti chipukizi katika taaluma ya upasuaji wa kimataifa, na madaktari wa Afrika huhimizwa kutuma maombi. Tangazo lenyewe hufika Kitale kwa simu ya mkononi siku ile ile linapofika Toronto. Tofauti huanza pale mwombaji anapoketi kuijaza fomu.

Jina la taaluma hii ni geni kwa wengi, ijapokuwa mambo inayoyashughulikia si mageni hata kidogo. Haihusu ustadi wa kisu pekee. Huuliza ni nani anayefanyiwa upasuaji na nani anayeukosa, mgonjwa husafiri kwa muda gani kabla ya kumfikia mpasuaji, nusukaputi hutolewa na nani, na familia huuza nini ili kulipa. Ilipata nguvu hasa Aprili 2015, wakati tume iliyoundwa na jarida la kitabibu la Lancet ilipotoa ripoti iliyosema kuwa watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji salama wanaoumudu. Kati ya upasuaji milioni 313 uliokuwa ukifanywa kila mwaka, ni asilimia 6 tu iliyofanyika katika nchi maskini zaidi, ambako huishi zaidi ya theluthi ya wanadamu wote. Mwezi uliofuata Baraza la Afya Duniani lilipitisha azimio la kuutambua upasuaji wa dharura na wa kimsingi kuwa sehemu ya huduma ya afya kwa wote.

Tume hiyo ilipendekeza upasuaji wa aina tatu uwe kipimo cha uwezo wa hospitali: upasuaji wa kujifungua, kufungua tumbo, na kutibu mfupa uliovunjika na kutoboa ngozi. Ikasema pia kwamba mgonjwa apaswa kuifikia hospitali yenye uwezo huo katika muda wa saa 2.

Kwa mkazi wa Tuwan, mtaa wenye msongamano mkubwa mjini Kitale, katika eneo bunge la Saboti, kipimo hicho cha tatu hakihitaji kufafanuliwa. Boda boda ndiyo riziki ya vijana wengi, na ndiyo pia inayowalaza wodini. Barabara ya kutoka Kitale hadi Webuye kupitia Kiminini, na ile ya Bungoma kuelekea Malaba yenye malori ya masafa marefu, hazijui mchana wala usiku. Majeruhi anayehitaji huduma isiyopatikana karibu hupewa rufaa ya kwenda katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, Eldoret, mwendo wa kilomita 70 hivi kutoka Kitale.

Ndani ya safari hiyo mna maswali ya utafiti ya kumtosha mtu miaka mingi. Majeruhi alichukua saa ngapi kutoka barabarani hadi kitandani, na jeraha lilisafishwa baada ya muda gani? Ni wangapi waliopewa rufaa wasifike Eldoret kwa kukosa nauli? Ni wangapi walioanza kwa mganga wa kuunga mifupa, na kwa sababu gani? Tangu Oktoba 2024, bima ya NHIF ilipoipisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, ni nani hasa anayenunua vyuma na skrubu za mguu? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kwa kipimo hicho tabibu wa Kitale anayo sifa ya kwanza ya mtafiti.

Kwamba maswali ya sehemu hii yanaweza kuzaa utafiti wa kusomwa duniani si dhana tupu. Bungoma imekwisha kuthibitisha. Wabukusu hutahiri wavulana wao mwezi Agosti wa kila mwaka unaogawika kwa mbili, na katika msimu wa 2004 watafiti waliwafuatilia wavulana na vijana zaidi ya 1,000, baadhi wakiwa wametahiriwa na ngariba wa kimila na wengine na wahudumu wa afya. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008 katika jarida la Shirika la Afya Duniani. Miongoni mwa waliotahiriwa kimila, asilimia 35 walipata matatizo baada ya kukatwa. Hilo huenda halikumshangaza mtu. Lililoshtua ni kwamba miongoni mwa wale waliokwenda kwa wahudumu wa afya, karibu asilimia 18 nao walipata matatizo.

Takwimu hiyo ya pili ndiyo yenye uzito. Kabla ya kuhesabu, ilikuwa rahisi kudhani kuwa mlango wa zahanati ni mlango wa usalama. Hesabu ilionyesha kuwa mtu anaweza kuvaa koti jeupe bila mafunzo wala vifaa vya kutosha, na kuwa kuwahimiza wazazi wawaache ngariba na kwenda hospitali, pasipo kuzirekebisha hospitali, ni kuwahamisha tu kutoka hatari moja hadi nyingine iliyo ndogo. Serikali yoyote inayopanga kampeni ya tohara inahitaji kujua jambo hilo kabla haijapaka rangi bango la kwanza.

Waandishi wa utafiti huo walikuwa watatu. Wa kwanza kutajwa ni Robert Bailey, wa Chuo Kikuu cha Illinois mjini Chicago. Wa pili ni Omar Egesah, wa Chuo Kikuu cha Moi. Mpangilio huo si kosa la mtu. Bailey alikuwa amefanya kazi magharibi mwa Kenya kwa miaka mingi. Lakini inafaa kukumbuka ni kwa nini swali la Bungoma lilipata nafasi wakati ule. Tohara ilikuwa imeingia katika ajenda ya dunia kwa sababu ya Ukimwi, na majaribio makubwa ya Kisumu, Rakai nchini Uganda na Orange Farm nchini Afrika Kusini yalikuwa yakichunguza kama inapunguza maambukizi kwa wanaume. Jeraha la mvulana wa Kibukusu lilihesabiwa kwa kuwa lilihusiana na jambo lililokuwa likiwashughulisha wakubwa. Mguu uliovunjwa na pikipiki haujawahi kupata mtetezi wa uzito huo.

Zipo nyakati ambapo swali la hospitali lilitosha lenyewe. Denis Burkitt, mpasuaji aliyekuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha mwaka 1958 makala kuhusu uvimbe wa mataya uliokuwa ukiwaua watoto wa Afrika. Aliandikia hospitali nyingi barani kuuliza kama zimeuona, kisha mwaka 1961 akasafiri kwa gari na wenzake wawili kwa muda wa majuma 10, maili zipatazo 10,000, akiuliza hospitali baada ya hospitali. Utafiti ulioanza kwa mtoto mmoja wodini ukasaidia kufichua uhusiano kati ya virusi na saratani. Bila shaka Burkitt alikuwa daktari wa Kizungu katika nchi iliyotawaliwa na Waingereza, na milango mingi ilimfungukia kwa sababu hiyo. Hata hivyo alikuwa na vitu ambavyo daktari wa kaunti hana leo: muda wa kuondoka kazini, gari, na watu wa kumjibu barua zake.

Sasa itazamwe fomu. Kwa kawaida mwombaji hutakiwa kutoa wasifu, barua ya kueleza nia yake, pendekezo la utafiti, barua mbili au tatu za mapendekezo, na orodha ya makala alizochapisha. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoonekana kuwa kikwazo kikitazamwa peke yake. Lakini daktari aliyesomea katika chuo chenye profesa wa upasuaji anayechapisha kila mwaka huwa amekwisha kuingizwa katika makala mbili kabla ya kuhitimu. Daktari aliyepelekwa hospitali ya kaunti, ambaye husimamia wodi mbili usiku mmoja, huwa na wagonjwa 2,000 kichwani na makala sifuri. Msimamizi wake ataandika barua njema, ya kweli, yenye kusema kuwa ni mchapakazi na mwaminifu. Kamati ya Boston inatafuta barua inayosema kuwa anajua kuchanganua takwimu.

Kikwazo kingine hakizungumzwi sana. Katika hospitali za kaunti nchini Kenya, sehemu kubwa ya nusukaputi hutolewa na maafisa wa kliniki waliosomea kazi hiyo baada ya stashahada. Wao ndio wanaojua ni usiku gani oksijeni iliisha na ni mama gani alisubiri hadi asubuhi. Nafasi nyingi za ufadhili zimetengewa wenye shahada ya udaktari, na hivyo huwaacha nje tangu mstari wa kwanza wa masharti. Ni ajabu kwamba taaluma iliyozaliwa ili kuwasemea waliosahauliwa imewasahau watu wanaoishika barakoa ya mgonjwa.

Kisha lipo suala la mshahara. Baadhi ya nafasi hizi humtaka mtafiti ajitafutie fedha za kujikimu. Kwa kijana wa Toronto hilo ni usumbufu. Kwa kijana wa Tuwan anayesomesha wadogo zake ni jibu la hapana lililoandikwa kwa lugha ya heshima.

Tuseme basi amefaulu. Barua ya kukubaliwa imefika na nauli imepatikana. Tangu 2013, hospitali hizi ziko chini ya serikali za kaunti, na kwa hiyo ni kaunti inayoamua kama atapewa likizo ya masomo na kama mshahara utaendelea. Hapa wakosoaji wa ufadhili wa ng'ambo wana hoja isiyopaswa kupuuzwa. Hospitali yenye mpasuaji mmoja au wawili ikimwachilia mmoja kwa mwaka mzima, zamu zake hufanywa na nani? Mgonjwa aliyepasuka utumbo hatasubiri makala ichapishwe. Mgomo wa madaktari wa siku 100 uliokwisha Machi 2017, na ule wa majuma manane wa mwaka 2024, uliwaonyesha wananchi chumba cha upasuaji kisicho na mtu hufananaje.

Hoja hiyo ni ya kweli, ila inathibitisha jambo tofauti na linalokusudiwa. Haisemi kwamba daktari wa Kitale asifanye utafiti. Inasema kwamba njia ya kufanya utafiti isiwe ndege pekee.

Na njia nyingine zipo. Mwaka 2018 Paul Ouma, mtafiti Mkenya aliyekuwa Nairobi katika mpango wa KEMRI na Wellcome Trust, aliongoza kazi iliyoorodhesha hospitali 4,908 za umma katika nchi za kusini mwa Sahara, ikabainisha kuwa asilimia 29 ya watu huishi umbali unaozidi saa 2 kutoka hospitali ya karibu. Mwaka huo huo matokeo ya uchunguzi ulioongozwa na Bruce Biccard wa Cape Town yalichapishwa: madaktari wa hospitali 247 katika nchi 25 za Afrika waliwaandika wagonjwa wao wenyewe wa upasuaji kwa juma moja, jumla yao 11,422. Ilionekana kuwa mgonjwa wa Afrika, ingawa kwa wastani ni kijana zaidi na ana hatari ndogo, yu katika hatari maradufu ya kufa baada ya upasuaji kuliko wastani wa dunia. Juma moja la kujaza fomu, bila mtu kuiacha wodi yake.

Kitale ina hospitali ya rufaa na mafunzo yenye jina la Michael Kijana Wamalwa, makamu wa rais aliyefariki mwaka 2003 akitibiwa London. Neno "mafunzo" limo katika jina lake na linapaswa kudaiwa. Eldoret kuna chuo cha udaktari na kamati ya maadili ya utafiti, na si mbali. Mwombaji kutoka Trans Nzoia au Bungoma ambaye amekwisha kuyachambua madaftari ya miaka miwili ya chumba cha upasuaji, chini ya mlezi wa Eldoret na kwa kibali cha NACOSTI, huenda kwa kamati ya ng'ambo akiwa na kitu mkononi. Na asipochaguliwa, kaunti inabaki na majibu.

Gharama yake si kubwa: saa chache kwa juma zilizoandikwa katika ratiba ya zamu, kompyuta, na karani anayejaza daftari kwa ukamilifu. Kugharimia hayo kwa fedha za nje kumekuwa kugumu zaidi. Mei 2025 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilitangaza kusitisha utaratibu wa kupitisha ruzuku kwa taasisi za nchi za nje kupitia vyuo vya Marekani hadi utaratibu mpya uwekwe, na Julai mwaka huo shirika la USAID likafungwa. Kwa upande wa nyumbani, sheria ya sayansi na teknolojia ya mwaka 2013 iliagiza Hazina ya Taifa ya Utafiti itengewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Kiwango hicho hakijawahi kufikiwa.

Kutoka 2004 hadi Agosti 2024, msimu wa tohara wa Bungoma ulirudi mara 10. Wavulana walioulizwa maswali katika utafiti ule ni watu wazima sasa, na wengine huenda wamekwisha kuwa na wana wa rika hilo. Katika zahanati wanakopelekwa wana hao, jina na tarehe huandikwa daftarini. Siku ya nane, ambapo jeraha hujulikana kama limepona au limeoza, mara nyingi huwa haina safu yake.