Interneti ya nyumba isiishie Golf

Raia wenzetu, vijana wa Kenya, Katuba, Kamalondo na Ruashi,

Makampuni ya simu yanagombania nyumba. Vodacom, Airtel na Orange hawauzi tena mega za telefone tu. Wanauza pia boksi ya kuweka mu nyumba. Starlink naye ameingia: Machi 2024 ARPTC ilikataza vyombo vyake, Mei 2025 ikampa ruhusa. Sasa tunaambiwa ushindani umefika, bei zitashuka.

Zitashuka kwa nani? Ushindani unafuata feza. Boksi unalipa kwanza chombo chenyewe, halafu mwezi mzima kwa mara moja. Mwenye kuishi Golf anaweza, na watoto wake wanasoma bila kuhesabu. Sisi tunanunua forfe ya siku, kesho tena, kesho kutwa tena. Mwisho wa mwezi, mega yetu moja imekuwa ghali kuliko yake. Mwenye kidogo ndiye anayelipa zaidi!

Na wasituambie kama njia haiko. Kebo ya WACS inafika Muanda tangu 2013. Fibra inayotoka Zambia inapita Kasumbalesa, inaingia humu Lubumbashi. Mchezo huu tunaujua: laini ya Inga–Kolwezi inabeba umeme kilomita 1.700 hivi mpaka ku migodi, inapita juu ya vijiji vyenye giza. Fibra isitufanyie vile.

Watasema: «Bantu ya Kenya habana na feza.» Uongo! Chukua lupango moja yenye familia nne. Jumlisha forfe zote zinazonunuliwa mle kwa mwezi. Feza iko, ila inatoka kidogo-kidogo. Basi wauze abonema ya lupango: boksi moja, familia nne, malipo kwa wiki. Wanaojua kuuza mega kwa siku hawawezi kushindwa na hiyo.

Hii si anasa. Kijana mwenye diplome anatafuta kazi kwa interneti. Mega zikikatika katikati, dosie haifiki.

Kwa hiyo tunadai:

1. ARPTC itangaze, kartie kwa kartie, nani anafikisha interneti ya nyumba na kwa bei gani.
2. FDSU, mfuko ulioundwa na sheria ya 2020 ili huduma ifikie wote, useme wazi: feza ngapi imeingia, kazi gani imefanyika.
3. Kila kampuni iwe na abonema ya lupango, bei kwa franka.

Mukumbuke RAM. 2020 walianza kukata uniti zetu, mpaka dola 7 kwa mwaka kwa telefone moja. Raia walikatala, wakapiga kelele, na 2022 RAM ikaondolewa. Haikuondoka kwa huruma ya mukubwa yeyote.

Wiki hii, kila mmoja aandike feza anayotumia kwa mega kila siku, na majirani wa lupango yake pia. Hesabu hizo tutazipeleka sisi wenyewe. Hatuombi, tunadai!